Soksi ya Nne

Uvumi ulimkuta mpelelezi akiwa bado na mswaki mdomoni. Mdogo wake alikuwa amekuja kumchukua mtoto kumpeleka chekechea. Akasimama mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Wanasema mifupa ya Fundi inagonga."

"Inagonga nini?"

"Inagonga tu, dada. Ngo, ngo, halafu inanyamaza. Ngo, ngo. Mle mle chumbani mlimopiga kufuli jana. Mama Cherehani ameisikia kwa masikio yake alfajiri akienda bombani. Wanasema ni yule mtoto anadai mwili wake."

Mpelelezi alitema povu. "Mama Cherehani huyo huyo?"

"Huyo huyo."

"Basi mwambie akashone."

Alisema hivyo, lakini alipokuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Mtoto akamwuliza kwa nini. Neno hilo ndilo lililompa mama yake jina. Kituo kizima kilimwita Mama Kwanini, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka naye.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na nzito. Jana yake, saa tatu asubuhi, mtoto wa kike wa miaka minne alitoweka uani kwao. Mtaa ulimwita Kifaranga, kwa sababu alimfuata mtu yeyote mwenye kazi mkononi: anayekoroga saruji, anayeziba pancha, anayekuna nazi. Saa sita mchana Mama Cherehani, mshonaji anayepakana ukuta na Fundi Mifupa, alichungulia sufuria iliyokuwa ikichemka uani kwa jirani yake. Akaona soksi ya mtoto, ya njano, na ndani ya soksi vidole. Vidole vya mifupa. Saa tisa watu wasiopungua mia walikuwa langoni na mawe. Polisi walimtoa Fundi kwa mlango wa nyuma, wakabeba sufuria, wakakagua chumba chake cha kazi, wakakipiga kufuli na lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri. Aliyeandika orodha ya vielelezo, akatia sahihi, akabaki na ufunguo mfukoni, alikuwa Mama Kwanini mwenyewe.

Mkuu wa kituo alimpa mpaka saa sita mchana wa leo. Baada ya hapo Fundi angepelekwa rumande ya mjini kwa gari la wazi, maana lililofungwa lilikuwa gereji. Njia ni moja, na watu walikuwa wameshajipanga kando yake. Kila mtu kituoni alijua Fundi asingefika.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mama wa Kifaranga. Alikuwa na ndala moja ya mtoto mapajani, iliyookotwa uani. Hakulia. Alikuwa akiipangusa vumbi kwa kidole gumba, ikishatakata anaanza upya.

"Soksi ile ni ya kwake, mama?" Mama Kwanini aliuliza, akichuchumaa mbele yake.

"Alivaa za njano."

"Za njano. Ni ile ile?"

"Afande, nimekwambia alivaa za njano." Akaendelea kupangusa.

Mama Cherehani aliitwa wa kwanza. Aliingia na tepu ya kupimia shingoni, akakaa kama aliyekuja kupiga picha.

"Uliona nini, mama yangu?"

"Niliona mkono wa mtoto."

"Jana uliandikisha mguu."

"Soksi ilikuwa ya mguu. Vidole vilikuwa vya mkono. Mimi nimeshona nguo za watoto miaka kumi na tisa, kidole cha mtoto nakijua."

"Vilikuwa vingapi?"

"Kidole hakihesabiwi, afande, unakiona unakimbia."

Konstebo aliyekuwa akiandika alikohoa kuficha kicheko. Mama Kwanini hakucheka. "Na alfajiri ya leo ulisikia nini?"

"Ngo, ngo. Kama mtu anagonga meza kwa ufunguo. Nikasimama na ndoo yangu. Nikaita, nani? Ikanyamaza. Nikasema astaghafiru, nikaondoka, na maji nikayamwaga yote njiani."

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba marehemu anagonga? Nanyi mshaniona mwongo."

Kwa kweli walikuwa wameshamwona mwongo. Mtaani walisema Mama Cherehani akiona mjusi atakuhadithia mamba. Mama Kwanini aliandika "kugonga, alfajiri" pembeni mwa daftari, akayakata kwa mstari mmoja tu, maneno yakabaki yanasomeka.

Fundi Mifupa aliletwa akiwa na pingu. Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye mikono myeupe vidoleni kwa dawa ya kung'arisha mifupa. Aliajiriwa na jumba la makumbusho miaka ishirini na miwili iliyopita, kusafisha na kuunganisha mifupa ya wanyama, na kazi nyingine aliifanyia nyumbani, kwa sababu jumba halikuwa na mahali pa kuchemshia. Hakulala, na shati lilikuwa na doa la damu kavu mahali jiwe lilipompata.

Vielelezo vilikuwa mezani. Namba moja, sufuria. Namba mbili, soksi ya njano yenye mifupa, iliyofungwa uzi. Namba tatu, soksi mbili, nyeupe na nyekundu, zilizokutwa zimeanikwa chumbani. Namba nne, boksi la vipande vya vioo. Namba tano, kigogo kimoja cha mbao, kilichokutwa sakafuni, huenda kilitumika kupigia.

"Kwa nini soksi?" Mama Kwanini alianza.

Fundi alimtazama kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu jana. "Mkono wa kenge una mifupa midogo kama punje za mchele. Ukiuchemsha nyama ikalegea, yote inazama na kuchanganyika, na hapo umekwisha. Utakaa mwezi mzima unatafuta kidole cha kushoto ndani ya mguu wa kulia. Kwa hiyo kila mguu nauvisha soksi yake, nafunga uzi, nachemsha. Kila rangi na mguu wake. Ni soksi za mwanangu wa mwisho, hazimwingii tena. Mke wangu alinionya. Alisema ipo siku watu watanielewa vibaya."

"Kenge."

"Kenge. Wa chuo cha ualimu. Barua ya oda iko mezani kwangu, kama hamjaichoma."

Konstebo alinong'ona, "Afande, huyu anatuchezea shere. Vidole vitano vile. Hata mimi ninavyo vitano."

"Nifungueni pingu," alisema Fundi, "nimwoneshe huyu konstebo wenu tofauti yake na kenge. Ipo kidogo."

Mama Kwanini alimfungua mkono mmoja. Fundi alikata uzi wa soksi ya njano, akaimwaga mifupa juu ya kitambaa cheupe, akaanza kuipanga kwa ncha ya kucha. Hakusita hata mara moja. Mifupa ilikwenda mahali pake kama kuku wanaoingia bandani, kila mmoja akijua kona yake. Walipokuja kuangalia, mkono ulikuwa umelala mezani umefunguka.

Konstebo alirudi nyuma hatua moja. Ulikuwa mkono kweli.

"Sasa weka wako kando yake, afande. Hesabu pingili za kila kidole. Anza na gumba."

Mama Kwanini aliweka mkono wake. Akajishika gumba. "Mbili."

"Na hapa?"

"Mbili."

"Cha pili."

"Tatu kwangu. Tatu hapa."

"Cha kati."

"Tatu kwangu." Akainama. "Nne hapa."

"Cha nne."

Alihesabu, akarudia, akaazima kalamu ya Konstebo agusie. "Tano. Kwangu tatu."

"Na cha mwisho wote mnazo tatu. Jumla yako kumi na nne. Yake kumi na saba. Hakuna mtoto aliyezaliwa na mkono huo. Na tazama pingili ya mwisho ya kila kidole, imepinda kama mwiba. Hapo ndipo kucha ilipokaa."

Konstebo alikuwa akijihesabu vidole chini ya meza.

Katika boksi la vioo Fundi alichagua kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kumpa Mama Kwanini lenzi iliyokuwa humo humo boksini. Juu yake kilibandikwa kipande cha mfupa wa paja, kilichosuguliwa mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Mama Kwanini aliona duara, na ndani ya duara mistari myembamba, mmoja ndani ya mwingine.

"Makumbusho na vyuo hutaka umri wa mnyama. Kenge anaishi kwa joto la jua. Msimu mzuri, mfupa unanenepa. Msimu mbaya, mfupa unasimama, unaacha mstari. Hesabu."

"Tisa."

"Kenge huyu kaona misimu mibaya tisa. Mtoto mnayemtafuta ana miaka minne, na mfupa wa mtu hauwekewi alama namna hiyo."

Mama Kwanini hakuishusha lenzi mara moja. Mnyama aliyepita mitaroni maisha yake yote watu wakimtupia mawe, alikuwa ameandika kiangazi baada ya kiangazi ndani ya paja lake, na hakuna aliyejua.

"Nani alikufundisha haya?"

"Daktari mmoja wa pale jumbani, marehemu sasa. Mengine mikono. Ukiwavua ngozi mamba, kenge, kuku na mtu, unakuta fundi ni mmoja. Mfupa mmoja juu, miwili chini, kokoto za kifundo, halafu vidole. Pezi la kasa unaliona kama kasia? Lichane. Ndani kuna vidole vitano vimenyooka. Hata chatu, asiye na mguu, kule nyuma ana vikucha viwili, na ndani ya nyama kijiti kidogo, baki la paja. Miguu imekwenda zake, kijiti kimebaki kama msumari ukutani uliokuwa na picha."

"Na kasa mwenyewe?" Aliuliza kwa sababu alikumbuka gamba kubwa alilolipita jana chumbani, kubwa kama beseni la kuogea watoto watatu.

Uso wa Fundi ulibadilika, ukawa wa mtu anayeulizwa habari za nyumbani. "Kasa ndiye aliyenishinda. Nimepasua yai lililoharibika, mtoto ndani ana wiki chache. Mbavu zake changa, laini, bado gegedu, hazijawa mfupa. Ungetarajia zijikunje kuja kifuani kama zako. Hazijikunji. Zinakwenda pembeni, zinaingia kwenye ngozi ya mgongo, zinatandaa, zinaungana. Gamba si kitu alichovaa, afande. Ni mbavu na uti wake. Ukilipindua, utaona uti umepita katikati ya dari kama mwamba wa paa, na mbavu ni makombamoyo, zile boriti zinazoshuka huku na huku. Amejifanya nyumba kwa mwili wake mwenyewe, akahamisha hata mabega yakaingia ndani ya mbavu. Siku ya kwanza nilipoliona kwa ndani nilivua kofia."

Konstebo aliacha kuandika.

"Sawa," alisema Mama Kwanini taratibu. "Kenge ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Mimi nina soksi tatu."

"Ya nne ni ya bluu. Ilikauka tangu juzi. Niliitundika kwenye uzi wa chini, juu ya gamba la kasa."

"Haimo kwenye orodha yangu."

"Basi hukuiorodhesha."

"Niliorodhesha mpaka misumari, fundi." Alifunua daftari. Uzi ulikuwepo, kibanio cha nguo kilikuwepo, kibanio kitupu. Aliona kile kibanio jana na hakujiuliza. "Nani mwingine huingia humo?"

"Hakuna. Labda yule Kifaranga, husimama mlangoni ananitazama. Namfukuza kila siku. Jana asubuhi nilikuwa uani kwenye moto, mlango wa chumba nimeuacha wazi."

Mama Kwanini aliweka kalamu chini. Macho yake yalikwenda kwenye kielelezo namba tano.

"Hiki kigogo ni cha nini?"

"Hicho? Ndicho kinacholiinua gamba upande mmoja lipate hewa, lisiote ukungu. Mmekileta huku cha nini?"

Konstebo alikuwa amegeuka rangi. Jana ndiye aliyeinua magunia na kufungua masanduku, akitafuta maiti. Gamba hakuligusa, alisema linamtazama. Lakini alijikwaa kwenye kitu, kikaruka, akakiokota, akampa afande akiandike.

"Jana gamba lilikuwa limelala chini," Mama Kwanini alisema. "Limelala kabisa, kingo zote. Fundi, mfupa mkavu unagonga?"

"Unagonga ukigongwa."

Mama Kwanini alikuwa ameshatoka nje. Alipita benchi la mapokezi bila kumwambia mama wa mtoto neno, maana neno lenyewe hakuwa nalo, lakini yule mama aliinua kichwa, akaiona ile namna ya kutembea, akasimama na ndala yake akamfuata. Wale waliojipanga barabarani wakawafuata wote wawili. Konstebo alikimbia pembeni akisema, "Afande, mimi sikujua, afande," na Mama Kwanini alimjibu, "Sahihi ni yangu. Kimbia."

Ua wa Fundi ulikuwa umejaa mawe ya jana. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa mwekundu kwa lakiri yake mwenyewe. Aliivunja kwa ufunguo, vipande vikamwangukia viatuni, akafungua kufuli. Hewa ya ndani ilitoka ya moto, yenye harufu ya dawa na vumbi la mifupa. Aliinua mkono. Umati wote uliokuwa nyuma yake ukanyamaza, hata wale wenye mawe.

Kimya.

Alipiga magoti kando ya gamba. Akakunja kidole, akagonga mara mbili.

Muda ulipita wa mtu kuvuta pumzi na kuishikilia. Kisha kutoka chini ya mfupa, hafifu, kama ufunguo kwenye meza: ngo. Ngo.

Waliliinua wawili, yeye na Konstebo, na mwanga wa mlango ukaingia chini yake. Kitu cha kwanza Mama Kwanini alichokiona kilikuwa dari. Uti wa mgongo ulipita katikati, pingili kwa pingili, na mbavu zilishuka huku na huku zikiwa zimeyeyukia kwenye paa, zimeshonana kwa mishono myembamba ambayo hata Mama Cherehani asingeiweza. Mnyama aliyekufa zamani alikuwa bado amesimama juu ya mtu kama nyumba. Na ndani ya nyumba hiyo, amejikunja kwa ubavu, midomo imepasuka, alikuwa Kifaranga. Mkononi alishika soksi ya bluu, imejaa vidole vya kenge. Miguuni alikuwa na soksi zake za njano, zote mbili, ya kulia, isiyo na ndala, imechafuka zaidi.

Alifumba macho kwa ule mwanga. "Watu wamekwenda?" aliuliza.

"Wamekwenda," alisema Mama Kwanini, na nyuma yake watu waliojaa mlango mzima hawakupumua.

"Nilikuwa nachezea vidole. Walikuwa wanapiga kelele. Nikaingia kwa kasa."

Mama yake alikuwa ameshafika. Alimvuta mtoto kifuani, kisha akachukua ule mguu wenye soksi chafu akaupangusa kwa gumba, akapangusa, akapangusa, mpaka Mama Kwanini alipomwekea kitambaa kibichi mkononi na kumwonesha jinsi ya kumlowesha midomo, tone kwa tone, mpaka gari la zahanati lije.

Saa sita kasoro Fundi alitoka kituoni kwa mlango wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kwa gamba lake, akakagua kingo, akarudisha kigogo mahali pake. Mama Cherehani alikuwa ukutani, tepu shingoni.

"Lakini niliona," alisema. "Na nilisikia."

"Uliona soksi kweli, na ulisikia kugonga kweli," alisema Mama Kwanini. "Mengine mliyaongeza ninyi, na mimi nikayapiga lakiri."

Ripoti aliiandika mchana huo huo. Kosa la kufungia mtoto chumbani aliliandika kwa jina lake, juu kabisa, kabla ya la Konstebo. Mkuu wa kituo alimwuliza kwa nini asilipunguze makali kidogo. Alisema ana mwanawe wa umri ule ule, na jana usiku alimfunika blanketi wakati mwenzake anagonga mfupa.

Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mlango mwekundu, akabandika nyingine kituoni, juu ya meza ya Konstebo:

MAMBO YA KUEPUKA

Usifunge chumba kabla hujapiga magoti ukatazama chini ya kila kitu, hata kile unachokiogopa.

Usiondoe kitu kilichoegemezwa kabla hujajua kinashikilia nini.

Usiache mlango wa chumba cha kazi wazi ukiwa jikoni au uani.

Usimwache mtoto mdogo peke yake, hata kwa muda wa kuanika nguo moja.

Usimtafute mtoto kwa kelele na mawe. Mwenye hofu huzidi kujificha.

Usiseme ni mkono wa mtu kabla hujahesabu pingili.

Usimcheke anayeleta uvumi kabla hujakwenda kusikiliza mwenyewe.

Ukisikia kugonga, usipite.